Muda wa Kubadili Chaneli: Historia ya Kipimo Kidogo

Historia za vyombo aghalabu huandikwa kwa kufuata makubwa yao: nani alivumbua, mwaka gani, na kwa gharama gani. Iko historia nyingine ambayo haiandikwi sana, nayo ni ya muda ambao chombo humfanya mtu angoje. Katika televisheni ya setilaiti muda huo hukaa kati ya kidole kubonyeza kitufe cha rimoti na picha ya chaneli mpya kutokea kiooni. Wakati mwingine haufiki sekunde moja. Wakati mwingine hupita tatu. Wanunuzi huuliza king'amuzi kipi ni chepesi, wauzaji huwajibu kwa tarakimu moja, na wapenzi wa vyombo hivyo hushindana wakiwa na saa mkononi. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba muda huo una asili inayojulikana, kwamba hauko wote katika mamlaka ya king'amuzi, na kwamba kwa sababu hiyo tarakimu moja haitoshi kuwa hukumu ya haki baina ya chombo na chombo.

Zamani za televisheni hakuna aliyeuliza swali hili. Mtazamaji aliyetaka kituo kingine aliinuka kitini, akaenda penye televisheni, akazungusha kifundo kwa mkono. Safari yake yenyewe ilikuwa ndefu kuliko muda wowote ambao chombo kingeweza kumcheleweshea. Rimoti ndiyo iliyolifichua jambo hili. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950. Mwaka 1955 ikafuata ile ya Eugene Polley iliyotumia mwanga, ambayo kasoro yake ilikuwa kwamba jua likiingia dirishani liliweza kubadili chaneli bila mtu kuamuru. Na mwaka 1956 Robert Adler akaleta ile iliyogonga vijiti vya aluminiamu kwa nyundo ndogo, ikatoa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu. Tangu hapo mtu aliweza kuketi na kupita katika vituo vyote alivyonavyo kwa dakika moja, na mwenye kuketi huhesabu muda kuliko mwenye kutembea.

Hata hivyo malalamiko hayakuwapo bado, kwa kuwa televisheni ya analojia haikuwa na cha kungojewa. Katika Ulaya picha zilirushwa 25 kwa kila sekunde, na kila picha ilijitosheleza. Chombo kikihamia masafa mapya, kilichohitaji ni kushika mapigo ya mistari tu, na kwa jicho la mtazamaji jambo hilo lilikuwa limekwisha kabla hajalishughulikia.

Fikra ya setilaiti ya matangazo ilielezwa na Arthur C. Clarke katika jarida la Wireless World mwezi Oktoba 1945. Alionyesha kuwa chombo kinachozunguka juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita zipatazo 36,000 huzunguka sawasawa na dunia, na kwa hiyo humwonekania mtu aliye chini kama kimesimama. Mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilipitisha picha za michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani, na mwaka uliofuata Early Bird ikaanza kazi ya biashara juu ya Atlantiki. Lakini picha hizo zilipokewa na mitambo mikubwa ya serikali na makampuni, si na mtu nyumbani kwake. Mwaka 1975 hadi 1976 Uhindi ilifanya jaribio la kupeleka vipindi moja kwa moja katika vijiji vipatavyo 2,400 kwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa ATS-6; huko nako chaneli za kuchagua hazikuwapo. Kuchagua kulianza hasa Astra 1A iliporushwa mwezi Desemba 1988, ikiwa na transponda 16, na kampuni ya Sky ilipofungua chaneli zake nne tarehe 5 Februari 1989. Kwa mara ya kwanza nyumba za kawaida za Ulaya zilikuwa na dishi dogo ukutani na rimoti yenye kazi ya kutosha.

Hapa yapasa kuondoa dhana moja ambayo imeenea hata kwa watu wenye elimu. Husemwa kwamba king'amuzi hukawia kwa sababu setilaiti iko mbali. Ni kweli kwamba wimbi la redio, lendalo kwa mwendo wa mwanga, hutumia kama robo ya sekunde kupanda na kushuka. Lakini mtu anapobadili chaneli haombi chochote mbinguni. Chaneli zote zimekwisha kufika dishini, nazo zinaanguka juu yake usiku na mchana, awe anatazama au amelala. Mtu anayehamisha ndoo kutoka mchirizi mmoja wa paa hadi mwingine hangojei mvua ianguke upya kutoka mawinguni. Umbali wa setilaiti huchelewesha habari yenyewe, hata goli likafungwa mjini likaonekana nyumbani baadaye kidogo; katika kuhama chaneli hauna sehemu. Ushahidi ni kwamba vipokezi vya analojia vya miaka ile ya 1989 na 1990 vilisikiliza setilaiti ile ile, kwa umbali ule ule, na picha ilitokea upesi.

Sisemi kwamba zama za analojia zilikuwa pepo. Palikuwa na ngojangoja zake, ila kila moja ilikuwa na sababu ya kuonekana. Mwenye dishi la kuzungushwa kwa mota aliposhika chaneli ya setilaiti nyingine alisikia mota ikinguruma juu ya paa, akangoja hata dishi lifike. Mawimbi ya setilaiti hurushwa kwa mielekeo miwili, wima na mlalo, na katika vyombo vya mwanzo mwelekeo ulibadilishwa kwa kijiti kilichogeuzwa na mota ndogo mbele ya dishi. Baadaye kazi hiyo ikafanywa na umeme peke yake, volti 13 kwa mwelekeo mmoja na 18 kwa mwingine. Chaneli za kulipia nazo zilifungwa kwa mfumo wa VideoCrypt, uliokata kila mstari wa picha na kuugeuza, na ufunguo wake ulibadilika kila baada ya sekunde 2 na nusu hivi kwa msaada wa kadi. Kufuli, basi, lilikuwapo kabla ya tarakimu.

Badiliko kubwa lilitoka mahali pengine. Picha ya televisheni ikigeuzwa kuwa tarakimu kwa kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1982 huhitaji megabiti 216 kila sekunde. Transponda ya setilaiti haiwezi kubeba mzigo huo: transponda iliyotumiwa sana Ulaya hubeba megabiti baina ya 33 na 38. Bila kuubana mzigo, tarakimu zingekuwa hasara tupu. Mwaka 1988 lilianzishwa kundi la wataalamu liitwalo MPEG, chini ya Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani, na kazi yake ya pili, MPEG-2, ilikamilika mwaka 1994. Kwa njia hiyo chaneli ilitoshea katika megabiti 4 hivi, na mahali palipokaa chaneli moja pakakaa sita, nane, hata zaidi.

Siri ya ubanaji huo ndiyo chanzo cha kungoja kwetu. Picha mbili zinazofuatana hufanana sana: msomaji wa habari hutikisa midomo, lakini ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Kwa hiyo MPEG hutuma picha moja kamili mara moja tu kwa kitambo, na baina ya picha kamili na nyingine hutuma mabadiliko peke yake. Aliyeingia katikati hana cha kubadilisha. Ni kama kumkuta msimulizi akisema "yule mtu akamjibu nduguye" na wewe hujui yule mtu ni nani. Itakubidi unyamaze mpaka aanze kisa kipya. Katika Ulaya ilikuwa desturi kutuma picha kamili baada ya kila picha 12, yaani karibu kila nusu sekunde. Mwenye bahati hungoja kidogo sana, asiye na bahati hungoja nusu nzima, na wastani ni robo.

Muungano wa DVB uliundwa Ulaya mwaka 1993 ukaweka kanuni za kurusha tarakimu kwa setilaiti. DirecTV ilianza Marekani mwaka 1994, DStv Afrika Kusini mwaka 1995, na Sky ikafungua huduma yake ya kidijitali tarehe 1 Oktoba 1998, ikafunga ile ya analojia mwaka 2001. Ujerumani ilichukua muda zaidi: chaneli zake za analojia kwenye Astra zilizimwa tarehe 30 Aprili 2012. Katika mabadiliko hayo yote watazamaji waliahidiwa chaneli nyingi na picha safi, na ahadi ilitimizwa. Gharama ya upande wa pili haikutangazwa. Mtu alijua tu, siku alipoleta chombo kipya nyumbani, kwamba kiko kigumu kidogo kuliko kile cha zamani.

Natufuate sasa mwendo wa king'amuzi tangu kitufe kibonyezwe. Kwanza rimoti yenyewe hutamka amri yake kwa mwanga usioonekana. Katika kanuni ya RC-5 ya kampuni ya Philips amri moja huchukua kama sehemu 25 za elfu ya sekunde, jambo lisilo na uzito. Ikiwa mtazamaji ameandika namba, king'amuzi hukaa kwanza kuona kama ataongeza tarakimu nyingine, na kukaa huko peke yake huweza kuzidi mengine yote. Kisha, kama chaneli iko katika transponda nyingine, chombo hubadili volti, hushika masafa mapya, na kusawazisha mapigo yake na wimbi. Akiisha kulishika hutafuta jedwali linaloorodhesha chaneli zilizomo katika mkondo ule, na baada ya hilo jedwali la chaneli yenyewe, linaloeleza picha iko wapi na sauti iko wapi. Majedwali hayo hurudiwa rudiwa na kituo. Kanuni za upimaji za DVB huhesabu kuwa ni kosa lolote kati yake likikosekana kwa zaidi ya nusu sekunde. Vituo vyema huyarudia mara kumi kwa sekunde. Ikiwa chaneli imefungwa, ujumbe wenye ufunguo hupelekwa kwa kadi, na kadi ni akili ndogo inayofikiri polepole. Baada ya hayo ndipo picha kamili ingojewe. Hata ikifika, king'amuzi hulazimika kujaza ghala yake kwanza, ili picha isije ikakatika njiani na sauti isitangulie midomo.

Msomaji ataona kwamba baadhi ya vituo hivi vya safari ni vya fundi aliyetengeneza king'amuzi, na baadhi ni vya yule anayerusha matangazo. Kushika masafa, wepesi wa programu na busara ya kujaza ghala ni vya fundi. Majedwali kurudiwa mara ngapi, na picha kamili kutumwa baada ya muda gani, ni vya mrushaji, na king'amuzi kiwe cha thamani gani hakiwezi kuona picha ambayo haijatumwa. Fundi huweza kuweka majedwali ya jana katika kumbukumbu ya chombo na kuruka hatua hiyo, na wengi hufanya hivyo. Picha kamili haina njia ya mkato ya namna hiyo.

Mzigo wa mrushaji ulizidi baada ya mwaka 2003, ulipokubaliwa ubanaji mpya wa H.264, na mwaka 2005 kanuni ya DVB-S2 ikachapishwa. Chaneli za picha kubwa zikawezekana. Lakini picha kamili ndiyo nzito kuliko zote, na mtu anayelipa kodi ya setilaiti kwa kila biti hushawishika kuipunguza. Vituo vikaanza kuituma kila sekunde moja, au mbili, au zaidi. Watu walionunua vyombo vipya vyenye nguvu maradufu wakashangaa kuona vinakawia kuliko vile vya zamani, wakawalaumu watengenezaji. Lawama ilikuwa na haki nusu.

Sasa tuje katika kipimo. Ugumu wa kwanza ni mwisho wake. Je, chaneli imebadilika inaposikika sauti, inapotokea picha ya kwanza, au picha inapoanza kwenda pamoja na sauti? Viko ving'amuzi vinavyoonyesha picha kamili ya kwanza mara tu inapofika, ikakaa kimya kama ya ukutani mpaka ghala ijae. Vingine huficha kila kitu hata yote yawe tayari. Cha kwanza kitapata sifa kwa saa ya mshindani, ingawa vipindi vimeanza katika dakika ile ile. Tena viko vinavyoiacha picha ya chaneli ya zamani imeganda kiooni badala ya kuonyesha weusi. Jicho lenye kitu cha kutazama hulalamika kidogo kuliko jicho lililoachwa gizani, na watengenezaji wanalijua hilo. Sioni hatia katika ujanja huo maadamu haujaandikwa katika hesabu kama kasi.

Ugumu wa pili ni mkono wa mpimaji. Mtu akiona kitu hutumia kama sehemu mbili za kumi ya sekunde kabla kidole hakijaitika, na tofauti baina ya ving'amuzi viwili vizuri huenda isifike hapo. Kwa hiyo saa ya kubonyeza haifai. Iliyo bora ni kuchukua filamu ya rimoti na kioo kwa pamoja, kisha kuhesabu picha: kwa kamera ya picha 50 kwa sekunde kila picha ni sehemu 20 za elfu. Mafundi wenye vyombo huweka jicho la umeme mbele ya taa ya rimoti na jingine mbele ya kioo, wakasoma tofauti katika osiloskopu.

Ugumu wa tatu ndio ambao wengi hawauoni, nao ni wa bahati. Tuchukue chaneli inayotuma picha kamili kila sekunde 2. Mtu hubonyeza wakati wowote katika kipindi hicho, na kwa hiyo kungoja kwake huwa popote baina ya sifuri na 2, kwa wastani wa sekunde 1 na mtawanyiko wa sekunde 0.58. Akipima mara 4, wastani wake bado hutikisika kwa sekunde 0.29, ili mtikisiko ushuke hadi 0.06 yampasa kupima mara 100. Basi mtu anayebonyeza mara tatu kwa chombo kimoja na mara tatu kwa kingine, kisha akatangaza mshindi kwa tofauti ya sehemu mbili za kumi, amerusha sarafu tu. Majedwali mengi ya ulinganisho yaliyochapishwa na wapenzi wa vyombo yana kasoro hiyo hiyo, pamoja na bidii yao yote.

Iko na njia ya kutoka chaneli hadi chaneli. Kuhama ndani ya transponda moja si sawa na kuhama kwenda nyingine. Chaneli ya wazi si sawa na iliyofungwa. Na mtu akitoka picha ndogo kwenda picha kubwa, televisheni yenyewe huweza kuhitaji kupatana upya na king'amuzi juu ya ukubwa wa picha, kioo kikawa cheusi kwa sekunde nzima ambayo si ya chaneli wala ya setilaiti. Wajuzi hukiamuru king'amuzi kitoe ukubwa mmoja siku zote, ndipo wapime.

Kiasi gani cha kungoja kinavumilika? Mwaka 2006 Kooij, Ahmed na Brunnström walichapisha utafiti ambao watu walitazama mabadiliko ya chaneli na kuyapa alama. Waliona kwamba ili alama ipite 3.5 katika mizani ya 5, muda haupaswi kuzidi sekunde 0.43. Ukiilinganisha tarakimu hiyo na mwendo tuliouona, ni dhahiri kuwa chaneli inayotuma picha kamili kila sekunde 2 imekwisha kushindwa kabla king'amuzi hakijaanza kazi.

Mafundi hawakukaa bure. Palipopatikana ving'amuzi vyenye vipokezi viwili au zaidi ndani yake, kimoja kilitumwa kushika mapema chaneli iliyo jirani na ile inayotazamwa, ikiwa tayari imefumbuliwa. Mtu akipanda au kushuka hatua moja, picha humjia papo hapo. Akiruka kwa namba kwenda chaneli ya mbali, ubashiri huwa bure na mwendo wa kawaida hurudi. Kwa hiyo chombo kama hicho hupata sifa mbili zinazopingana kutoka kwa wapimaji wawili, na wote wawili wamesema kweli.

Afrika ya Mashariki ilikutana na jambo hili kwa njia mbili, kwa dishi na kwa mnara. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia ya ardhini usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na nyumba ambazo hazikuwa na dishi kamwe zikaingia katika jamaa ile ile ya kanuni za DVB na MPEG. Neno king'amuzi likawa la kila siku, likiwa na maana ya chombo na maana ya adha kwa pamoja: kikikawia, kilaumiwe chenyewe.

Kuna jaribio jepesi la kugawa lawama hiyo, lisilohitaji osiloskopu. Chagua chaneli mbili za wazi zilizo katika transponda moja na zenye ukubwa mmoja wa picha. Kwa king'amuzi kimoja, hama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na kutoka ya pili kwenda ya kwanza, mara nyingi, ukichukua filamu. Masafa hayajabadilika, kadi haijaulizwa, televisheni haijapatana upya na chombo. Ikiwa kwenda ni sekunde 1 kwa wastani na kurudi ni 2, sekunde inayozidi imekaa katika studio ya yule aliyetuma picha kamili kwa uchache. Kisha rudia kazi hiyo hiyo kwa king'amuzi cha pili. Tofauti iliyobaki baina ya vyombo, kwenda kwa kwenda na kurudi kwa kurudi, ndiyo peke yake anayopaswa kuulizwa mtengenezaji.